Kaka Yetu, Fundi wa Viti Aliyelipwa kwa Habari

Usiku wa kuamkia Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, tulikuwa watu wanne kwenye benchi la mbao nje ya wodi ya wagonjwa mahututi. Walikuwepo mke wa marehemu, ambaye ni wifi yangu, binti yao muuguzi, mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi, na mimi mdogo wake wa mwisho, niliyepewa kazi ya kuandika na kusoma maneno haya. Benchi lilikuwa linayumba. Wifi alisema kama mumewe angekuwa ameketi nasi, angeshatuinua wote akalipindua miguu juu aone ni nani aliyelipigilia. Tulicheka kidogo, kisha tukageuka, maana mlango wa wodi ulifunguka. Aliyetoka alikuwa mfagizi tu.

Tulikuwa tunangoja habari mbili. Ya kwanza mnaijua. Ya pili ni ile aliyokuwa akiiuliza yeye mwenyewe tangu Jumatatu, kila alipoondolewa barakoa ya hewa: ofisi ya elimu wamejibu? Alitaka kujua kama watoto wetu wenye ulemavu watafunguliwa darasa katika shule iliyo karibu na nyumbani, au chumba walichoombewa kitarudishwa kuwa stoo. Mwalimu mkuu alikuwa na simu mkononi na kila mara aliitazama, kana kwamba ofisi hufanya kazi usiku. Saa kumi na moja alfajiri daktari alitoka. Habari ya kwanza tukaipata. Ya pili, kaka aliondoka bila kuisikia.

Naomba niyaeleze maisha yake kwa utaratibu, nisije nikalia kabla sijafika mbali.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Aprili 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bati jekundu iliyo nyuma ya soko la zamani. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya sita. Baba yetu alikuwa karani wa ghala na mama alikuwa akishona. Mama anasema mtoto alitoka amekunja ngumi na hakuikunjua hadi siku ya pili, mkunga akatabiri kwamba huyu atakuwa bahili au fundi. Mimi nilizaliwa yeye akiwa na miaka kumi na sita. Alinibeba mgongoni kila mahali hadi wasichana wa mtaani wakaulizana kama ameshaoa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975. Hakuwa mwanafunzi wa kuandikwa ubaoni. Akiwa darasa la tatu alikamatwa amelegeza parafujo za dawati lake ili aone linavyoshikana, na mwalimu akamwadhibu alitengeneze. Alilitengeneza, na la jirani yake pia. Baada ya hapo mwalimu aligundua kuwa adhabu ile ilikuwa na faida. Ikawa kila dawati likivunjika, kosa la marehemu linapatikana: amechelewa, amecheka, amepiga chafya vibaya. Alipomaliza darasa la saba hakuchaguliwa kuendelea, lakini hakuna dawati lililokuwa likiyumba.

Januari 1976 alianza kujifunza useremala kwa baba yetu mdogo. Tarehe 1 Juni 1984 alifungua karakana yake mwenyewe, kibanda cha mabati kati ya mashine ya kusaga na duka la vipuri vya baiskeli, na hapo ndipo alipofanya kazi miaka arobaini. Wengi wenu hapa mlimwita Kesho. Sitaficha, jina lile alilitafuta mwenyewe. Ukimwagiza kabati, litakuwa tayari kesho. Ukija kesho, fundi anashangaa kukuona mapema hivyo. Kuna bibi harusi mmoja, yumo humu ndani leo, ambaye kitanda chake kilifika wakati mtoto wake wa kwanza ameshaanza kusimama. Marehemu alimwambia kwa upole kwamba mbao nzuri hazipendi haraka, na inavyoonekana yeye na mumewe nao hawakukisubiri kitanda.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na wifi yangu. Wifi alikuwa mshonaji, akamwagiza meza ya cherehani. Meza ilipofika ilikuwa inatikisika. Kaka akaja kuitazama, akapunguza mguu mmoja. Wiki iliyofuata akaja tena, akapunguza mwingine. Alipokuja mara ya tatu na msasa mfukoni, mama yake wifi alimwekea kiti sebuleni, akamwambia, "Mwanangu, sakafu yetu ndiyo mbovu, na wewe umeshaijua. Meza haina ugonjwa. Mgonjwa ni wewe." Walioana miezi mitano baadaye. Mungu aliwapa watoto watatu. Wifi alishonea kwenye meza ile miaka yote, ikiwa fupi kidogo kuliko meza za watu wengine.

Sasa nakuja kwenye kazi iliyowaleta wengi wenu hapa.

Mwaka 2014 nilimzaa binti yangu. Hadi alipofika miaka mitatu alikuwa bado hajaweza kukaa, shingo yake ilikuwa inalala kama ya mtoto mchanga, na alikuwa hasemi. Zahanati waliniambia ana mtindio wa ubongo, wakanipa karatasi, nami sikujua niipeleke wapi. Niliiweka chini ya godoro. Kaka aliponiuliza, nilimwambia tunamwombea. Akasema tutaendelea kumwombea, ila Jumanne twende pamoja. Jumanne kuna mama wa mazoezi ya viungo anayekuja zahanati mara moja kwa wiki, na mimi niliyeishi mwendo wa dakika kumi kutoka pale sikuwa na habari zake. Mama yule alimshika mtoto kiunoni na kifuani, akasema anahitaji kiti cha kumshikilia, chenye egemeo, mkanda na meza mbele. Akakichora nyuma ya bahasha ya dawa. Kaka aliikunja ile bahasha akaiweka kwenye mfuko wa shati. Safari hii hakusema kesho. Siku ya nne kiti kilikuwa mlangoni kwangu.

Kilikuwa kiti kizuri kuliko chochote nilichowahi kuwa nacho. Mbao nyekundu, vanishi inayong'aa, maua yamechongwa kwenye egemeo. Baada ya mwezi kaka alikuja akakikuta sebuleni kimefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake albamu ya picha. Mtoto alikuwa chumbani, amelala kwenye mkeka. Aliniuliza kiti ni cha nani. Nikamjibu, "Kaka, ni kizuri mno. Mtoto anatoa mate, atakiharibu."

Alikikunja kitambaa, akaniachia albamu mkononi, akakibeba kiti begani akaondoka nacho. Nilidhani amekasirika na sikulala siku tatu. Siku ya tatu akarudi na kiti kingine. Kilikuwa cha mbao za makasha, kina matundu ya misumari, mguu mmoja wa kijani na mwingine wa buluu. "Hiki hata mwizi hakitaki," alisema. "Mkalishe." Tukamfunga mkanda alioushona wifi, tukamsogeza mezani, na kwa mara ya kwanza nikamwona mtoto wangu akinitazama sawa kwa sawa, si kutoka chini. Alimtazama mjomba wake pia, akapiga mikono. Nilikuwa na mtoto wa miaka mitatu, na siku ile ndiyo niliyojua kwamba anacheka.

Kutoka hapo kaka alitengeneza viti vya watoto vibaya kwa makusudi. Alikuwa anasema kiti kizuri hukaa na wageni, kibaya hukaa na mtoto. Alivitengeneza thelathini na kimoja.

Hakuanza vizuri, na yeye mwenyewe aliniambia niseme hivyo ikiwa nitaandika. Kiti cha pili alitaka kumtengenezea mtoto wa jirani wa mtaa wa juu, mtoto ambaye watu walijua yumo ndani lakini hakuna aliyewahi kumwona. Alimkuta mama yake kisimani, mbele ya wanawake wengine, akamwuliza kwa sauti yake ile ya kushindana na mashine ya kusaga kama yule mtoto wa ndani ameanza kukaa. Mama yule alijitwika ndoo yake akaondoka. Mwisho wa mwezi akahama. Kaka alimtafuta mitaa mitatu asimpate, na jambo lile lilimkaa moyoni kuliko ugonjwa.

Ndipo akabuni kamba. Hakuuliza tena mtu ana mtoto gani. Akiitwa kutengeneza bawaba au kitasa, na akaona mlango wa chumba ambao haufunguliwi, aliacha kamba nyembamba mezani wakati wa kuondoka, na maneno machache: fundo la kwanza ni kutoka nyonga hadi goti, la pili goti hadi kisigino, la tatu upana wa mapaja. Mama ampime mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Wengine walikaa na kamba mwaka mzima. Ilikuwa ikirudi na mafundo, anaitundika kwenye msumari na kuanza kazi siku ileile. Bibi mmoja aliona kamba imechafuka, akaifua kwanza kwa maji ya moto, pamba ikasinyaa, na kiti kikatoka cha kumtosha kuku. Bibi alikipokea kwa heshima akasema labda mtoto atapungua hadi kimtoshe. Tangu siku hiyo kaka alinunua kamba za nailoni.

Watu waliuliza bei. Hakuwahi kutaja fedha kwa kiti cha mtoto. Bei ilikuwa habari moja, na alikuwa mkali kuhusu hiyo habari: iwe na mahali, siku na mtu. Habari isiyo na mahali ni uvumi, alisema, na uvumi tunao wa kutosha. Mama akisema hajui lolote, aliambiwa akaulize, kiti kitamsubiri. Na kweli walienda kuuliza, akina mama ambao kabla ya hapo hawakuwahi kuuliza chochote kwa sababu ya aibu. Kila habari aliiandika kwa penseli yake ya useremala kwenye ubao wa plaiwudi uliosimama ukutani. Nimeunakili hapa kidogo, kwa maneno yake:

"Jumanne, zahanati, mama wa mazoezi, fika kabla ya saa nne. Jumamosi, nyumba ya nyuma ya kiwanda cha matofali, mwalimu mstaafu anafundisha lugha ya alama, mlete mtoto na umlete baba. Ofisi ya ustawi wa jamii, dirisha la pili. La kwanza watakuzungusha. Macho, hospitali kubwa, Alhamisi, beba chakula. Yule anayeuza mafuta ya kunyoosha miguu ni mwongo."

Watu walikuja kusoma ubao hata kama hawakuhitaji kiti. Wasiojua kusoma walisomewa na mwenye mashine ya kusaga, ambaye aliizima kila alipowaona wamesimama. Baba mmoja alitembea kutoka upande wa pili wa mji kwa ajili ya mwanawe mwenye usonji, akausoma ubao hadi mwisho, akasema miaka sita alikuwa anadhani ni yeye peke yake.

Lakini ubao ule haukuwa na shule. Shule iliyopokea watoto kama wetu ilikuwa mbali, ya bweni, na mtoto asiyeweza kusema njaa yake humpeleki bweni ukalala. Januari 2024 kaka alimwendea mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alimwonyesha chumba cha mwisho, ambacho kilikuwa stoo ya madawati yaliyovunjika, akasema ukiniondolea haya, chumba nitakiombea. Hakuyaondoa. Aliyatengeneza yote, tisini na manne, hadi Juni. Siku ya mwisho alisema ni adhabu ya darasa la tatu ambayo bado haijaisha.

Wakati huo miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Madaktari walisema moyo umepanuka na umechoka kusukuma. Kuanzia Novemba alipiga randa akiwa ameketi. Wifi alimkataza kwenda karakana, kaka akaenda, wifi akamfuata na dawa, wakawa wanashinda huko wote wawili, mmoja anaranda na mwingine anashona mikanda.

Ofisi ya elimu ikajibu kwamba darasa linawezekana kwa sharti moja. Waletwe watoto wasiopungua kumi na wawili, siku moja, wapimwe na mtaalamu. Waletwe wenyewe, si majina. Siku iliyopangwa ilikuwa Jumatano, tarehe 19 Februari 2025. Wakipungua, chumba kinarudi kuwa stoo. Majina tulikuwa nayo thelathini na moja, lakini majina hayatembei.

Saa tatu asubuhi walikuwa wamefika wanne, pamoja na wangu. Kaka alikuwa ameketi kwenye kigogo karibu na geti la shule, hana viatu kwa sababu havikumwingia. Mtaalamu alitazama saa. Nilimwambia kaka twende tukawaite. Akasema yeye akienda watasema fundi anatafuta sifa, na tena hawezi kufika hata kwenye mashine ya kusaga. "Nenda wewe. Una mtoto. Nenda naye."

Wanaonijua wanajua mimi ni mtu wa hofu. Pikipiki ikisimama nje najua ni msiba. Sikuwahi kumpitisha binti yangu barabara kubwa mchana. Nilikuwa napita nyuma ya nyumba. Nikamwambia kaka naogopa. Akasema, "Mdogo wangu, leo ogopa huku unatembea."

Nikasukuma kiti cha magurudumu cha binti yangu kupitia sokoni. Watu walitazama, wengine wakanisalimia na wengine wakasahau kunisalimia. Nyumba ya kwanza baba alisimama mlangoni akaniambia mwanawe si maonyesho. Binti yangu ndiye aliyejibu, kwa sababu aliona kuku wao akapiga mikono na kucheka, na kutoka ndani mtu akagonga kitu mara tatu, kama anayeitika. Yule baba alimtazama mtoto wangu, kisha akaingia ndani kutafuta viatu vya mwanawe. Alivitafuta kitambo kirefu. Viatu havikuwepo. Miaka tisa mtoto yule hakuwahi kuvihitaji. Baba yake alimbeba hivyohivyo, miguu mitupu, akatutangulia barabarani.

Baada ya hapo sikuhitaji kusema mengi. Walipoona sisi ni wawili wakawa wanne, na wanne wakawa saba. Saa saba mchana walikuwa wamepimwa watoto kumi na watatu. Yule mama aliyehama hakuja. Marehemu alimngoja hadi geti likafungwa.

Ofisi ilisema italeta jibu ndani ya wiki mbili. Jumatatu tarehe 3 Machi hali yake ilibadilika, tukamkimbiza hospitali. Alikaa huko siku tatu. Alimwelekeza binti yake mahali pa kutafuta kamba nne ambazo zilikuwa zimerudi na mafundo, alimwomba wifi msamaha kwa vumbi la mbao la miaka thelathini na saba, na alituuliza ile habari. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, saa kumi na moja kasoro dakika chache alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Marehemu ameacha mama yetu mzazi, mke, watoto watatu, wajukuu watano, wadogo zake watano, na wapwa ambao sitawahesabu. Ameacha pia watoto thelathini na mmoja waliokaa kwenye viti vyake. Wawili kati yao walimtangulia. Wanne bado wanasubiri viti, na fundi mwenzake wa karakanani ameshazichukua kamba zao.

Haya ya mwisho hayamo kwenye karatasi mlizoshika, kwa sababu zilichapwa Jumamosi.

Jana, Jumatatu tarehe 10, saa nne asubuhi, mwalimu mkuu alikuja msibani akanivuta pembeni. Nilijua ni habari mbaya, kama kawaida yangu. Akasema barua imefika, na mwalimu wa elimu maalumu amepangiwa. Wifi, mimi na binti yangu tukamfuata hadi shuleni. Mlango wa zamani wa kile chumba ulikuwa mwembamba, hauruhusu kiti cha magurudumu. Mpya aliumaliza kaka mwezi uliopita, na fundi mwenzake aliufunga Jumamosi wakati sisi tunapokea rambirambi. Upana wake kaka aliupima kwa kiti cha binti yangu, kisha akaniambia nishike mipini nikae kama ninasukuma, akaongeza viwiko vyangu viwili, kwa sababu alisema kila mama anayesukuma ana alama za fremu za milango mikononi. Mwalimu mkuu alifungua kufuli, akauvuta. Ulifunguka bila sauti hadi ukutani, na mimi na mwanangu tukapita katikati yake bila kugusa popote.

Darasa linaanza kesho kutwa, Alhamisi, saa mbili asubuhi. Mwenye mtoto nyumbani, amlete. Naye kaka yetu, Mungu ampokee, amkalishe mahali pazuri.